Upepo wa Tairi Kabla ya Nguvu ya Gari: Ushauri kwa Madereva wa Mchanga na Laga za Lokichoggio

Safari ya kutoka Lodwar hadi Lokichoggio kupitia Kakuma ni ya zaidi ya kilomita 200, na ingawa sehemu kubwa ya barabara hiyo kuu imepata lami mpya tangu Benki ya Dunia ilipoidhinisha mwaka 2015 mkopo wa kuifungua njia ya kwenda Sudan Kusini, lami hiyo haikuiondoa Turkana Magharibi katika mchanga wake. Anayekwenda Nanam, Songot, Letea au Oropoi huiacha lami mapema, na kila njia anayoishika humfikisha kwenye laga, yaani mkondo wa mto wa msimu ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kitanda cha mchanga mkavu, na ambao mvua ikinyesha milimani huwa kwa saa chache mto kamili wenye uwezo wa kusomba lori. Madereva wengi wa njia hizo, wa magari ya mashirika na ya biashara pia, huweka tumaini lao mahali pasipostahili: huuliza kwanza gari lina nguvu kiasi gani na linavutwa na magurudumu mangapi, ilhali kinachoamua kama gari litavuka au litalala hapo mpaka jioni, katika hali nyingi, ni tairi na upepo uliomo ndani yake.

Ni vyema kuanza na ardhi yenyewe, kwa sababu ardhi ya huko ina tabia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni mchanga wa laga na wa tambarare zinazozizunguka, ambao chembe zake hazishikani, hivyo gurudumu likizunguka kwa kasi huzirusha nyuma na kujichimbia shimo lake lenyewe. Ya pili ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana kwenye mabonde na kwenye uwanda wa Lotikipi ulio kaskazini, uwanda uleule ambao mwaka 2013 ulitangazwa kuwa na hazina kubwa ya maji chini ya ardhi. Udongo huo ukiwa mkavu ni mgumu na wenye nyufa, lakini ukilowa huvimba, hujaa katikati ya meno ya tairi na kuteleza kama sabuni. Dereva aliyezoea mchanga peke yake hushangazwa na udongo huo, kwa kuwa mbinu inayomwokoa mchangani ndiyo inayompeleka mtaroni kwenye tope jeusi.

Mfumo wa uvutaji ni namna nguvu ya injini inavyofikishwa kwenye magurudumu. Katika magari madogo kama Toyota Probox nyingi, nguvu hiyo huenda kwenye magurudumu ya mbele, na faida yake ni kwamba uzito wa injini hukaa juu ya magurudumu yanayovuta. Hasara yake hujitokeza gari linapopanda ukingo wa laga, kwa sababu mlima huhamishia uzito nyuma, na magurudumu ya mbele yakabaki mepesi pale hasa yanapohitajika kushika. Malori mengi huvutwa na magurudumu ya nyuma, ambayo hushika vizuri lori likiwa na mzigo wa kadiri na huhangaika likirudi tupu kutoka mpakani Nadapal. Hayo yote yanavuka mchanga usio na kina, mradi dereva ayajue mapungufu yake na asisimame katikati.

Gari linalovutwa na magurudumu manne, ambalo madereva huliita fowili, ni la aina mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Katika aina ya kwanza, ambayo Land Cruiser za hardtop na Hilux nyingi ni mfano wake, gari kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma, na dereva akivuta kigingi cha pili cha gia huunganisha shafti ya mbele na ya nyuma ziwe kama kitu kimoja. Magari mengi ya aina hiyo yana vitovu vya mbele vyenye kufuli ya kuzungushwa kwa mkono, na dereva aliyesahau kushuka na kuzifunga anaweza kuvuta kigingi, akaamini yuko kwenye fowili, kumbe magurudumu ya mbele hayavuti chochote. Inafaa vitovu hivyo vifungwe mtu akiwa bado kwenye ardhi ngumu, kwani gurudumu likishazama mchangani kitovu hakifikiki bila kuchimba. Kigingi chenyewe kisiachwe kwenye fowili juu ya lami kavu, maana kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na shafti zilizofungwa pamoja hukazana mpaka kitu kivunjike. Aina ya pili huvutwa na magurudumu manne wakati wote na ina difu ya katikati inayoruhusu tofauti hiyo ya mwendo. Kwa hiyo dereva wake huenda lami bila wasiwasi, lakini mchangani sharti aifunge difu hiyo ya katikati.

Difu, ambayo ndiyo chanzo cha kukwama kwingi kusikoeleweka, ni kisanduku cha gia kilicho kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, na kazi yake ni kuliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani kwenye kona. Kasoro yake ni kwamba huupeleka mwendo kwenye gurudumu linalozunguka kwa wepesi zaidi. Gurudumu moja likiingia mchanga laini, hilo ndilo litakalozunguka, na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu atatulia kana kwamba hana kazi. Ndiyo sababu gari la fowili huonekana likikwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure na mengine mawili yakiwa yamesimama. Kufuli ya difu ya nyuma, kwa gari lililo nayo, huondoa kasoro hiyo, lakini ifungwe kabla ya kuingia mahali pabaya na ifunguliwe mara tu gari linapotoka, kwa kuwa huufanya usukani kuwa mzito na kona kuwa ngumu. Magari mapya yana kompyuta inayokamata breki ya gurudumu linaloteleza. Msaada huo ni wa kweli kwenye tope na mawe, ila kwenye mchanga mrefu mara nyingi hupunguza nguvu ya injini wakati usiofaa, na dereva hana budi kujua mapema kitufe cha kuuzima kiko wapi.

Pamoja na hayo yote, fowili hugawanya nguvu tu. Mshiko wenyewe hutoka mahali pengine. Mshiko ni makubaliano kati ya tairi na ardhi, na hapo ndipo aina ya tairi inapoingia. Tairi la lami lina meno mafupi yaliyokaribiana. Tairi la tope lina meno makubwa yenye nafasi pana. Na tairi la mchanganyiko liko katikati. Watu wengi hudhani kwamba meno makubwa ndiyo yanayofaa kila mahali pabaya, na dhana hiyo imewagharimu wengi fedha na muda. Kwenye udongo mweusi uliolowa meno makubwa yana faida, kwa kuwa nafasi kati yake hujisafisha tairi linapozunguka na kurusha tope nje, lakini kwenye mchanga mkavu meno hayohayo huwa majembe, na tairi la lami lililopunguzwa upepo mara nyingi hulipita tairi la tope lililojazwa upepo wote. Kwa njia za Lokichoggio, ambako mtu hukutana na lami, kokoto, mchanga na udongo mweusi katika siku moja, tairi la mchanganyiko lenye ubavu imara ndilo chaguo la busara. Tairi kipara, hata kama linaelea vizuri mchangani, lisitumike kamwe, kwa sababu breki zake kwenye lami iliyolowa ni hatari kwa abiria na kwa wachungaji walio barabarani.

Upepo wa tairi hupimwa kwa pauni kwa kila inchi mraba, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba kila dereva anaweza kuifanya kichwani. Gari la tani 3 huweka takriban kilo 750, yaani pauni 1,650 hivi, juu ya kila gurudumu. Tairi likiwa na upepo wa pauni 40, eneo linalogusa ardhi ni karibu inchi mraba 41, ambalo halifiki nusu ya karatasi ya kawaida ya barua. Upepo ukishushwa hadi pauni 20, eneo hilo hukaribia mara mbili, na uzito uleule sasa unakalia karibu karatasi nzima. Tairi halipanuki sana kwa upana. Hurefuka, likawa kama mnyororo wa trekta la kutambaa, na alama yake mchangani hubadilika waziwazi: badala ya mtaro wenye kingo zinazobomoka, huacha utepe mpana usio na kina ambao meno yake yanaweza kuhesabiwa moja moja. Dereva akitazama nyuma na kuiona alama hiyo, ajue kwamba kipimo ni sahihi. Akiona mtaro, apunguze tena. Mwingereza Ralph Bagnold, aliyevuka jangwa la Libya kwa magari ya kawaida yasiyo na fowili katika miaka ya 1920 na 1930, alifika mahali palipodhaniwa hapapitiki kwa kupunguza upepo na kubeba mabamba ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu, na hadi leo huko Oman wenye magari hupunguza upepo kabla ya kuingia kwenye mchanga wa Wahiba.

Lakini Turkana si Oman, na hapa ushauri unaotolewa kwa madereva wa majangwa mengine unahitaji kurekebishwa. Kingo za laga ndipo mathenge na migunga inapomea kwa wingi, na mathenge, mti ulioletwa kutoka ng'ambo ambao Waturkana huuita etirai, una miiba mirefu na migumu inayopenya ubavu wa tairi. Tairi lililopunguzwa upepo hutokeza ubavu wake nje, yaani huiweka sehemu yake nyembamba mbele ya miiba hiyo. Kwa sababu hiyo pauni 25 ni mwanzo mzuri kwa gari la kadiri, pauni 18 hadi 20 ni za mchanga mrefu wa kitanda cha laga chenyewe, na pauni 15 ziachwe ziwe tegemeo la mwisho la gari lililokwisha kukwama. Mwenye matairi ya tyubu, kama yale ya ukubwa wa 7.50R16 ambayo Land Cruiser nyingi za huko huvaa, ajihadhari zaidi, maana upepo ukiwa mdogo tairi linaweza kuzunguka juu ya ringi na kuing'oa vali ya tyubu. Mwenye matairi yasiyo na tyubu naye aepuke kukata kona kwa nguvu, kwani ukingo wa tairi unaweza kuachana na ringi. Kasi isizidi kilomita 40 kwa saa, na upepo urudishwe kabla ya kushika lami, kwa kuwa tairi legevu hupata joto kwa haraka, na joto ndilo linaloyapasua matairi.

Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla ya jua kuchomoza vizuri, tairi likiwa baridi. Upepo huongezeka kwa takriban pauni 1 kila joto linapopanda nyuzi 5 au 6, na katika eneo ambalo joto la mchana mara kwa mara hupita nyuzi 35, tairi lililopimwa alfajiri huonyesha pauni kadhaa zaidi adhuhuri. Anayeziondoa hizo akidhani amejaza kupita kiasi atajikuta na tairi legevu usiku. Kipimo kidogo cha mkononi na pampu inayotumia umeme wa betri ya gari ni vitu vya bei nafuu kuliko tairi moja, na gari linalotoka Kakuma bila hivyo viwili halijajiandaa, hata kama lina fowili na kufuli za difu zote. Matairi ya akiba yawe mawili, jeki iwe na ubao mpana wa kukalia ili isizame mchangani, na maji ya kunywa yahesabiwe kwa ajili ya siku nzima ya kusubiri.

Katika kuvuka kwenyewe, dereva achague gia kabla ya kuingia, kwa kawaida ya pili ya gia nzito au ya kwanza ya gia za kawaida, aingie kwa mwendo wa wastani usiobadilika, na asikanyage klachi katikati, kwa sababu mchanga hulisimamisha gari mara tu nguvu inapokatika. Usukani uachwe ucheze kidogo mikononi ufuate njia ya waliotangulia. Akilazimika kusimama, aliache gari lisimame lenyewe bila breki, kwani breki husukuma kilima cha mchanga mbele ya kila gurudumu. Gari likianza kuzama, mguu uondolewe kwenye mafuta papo hapo. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kukanyaga mafuta kwa hasira, na sekunde tano za kosa hilo hulilaza gari juu ya tumbo lake, hali ambayo magurudumu yote manne hayana tena uzito wa kushika chochote. Kwanza ijaribiwe kurudi nyuma juu ya alama ileile, kwa maana imeshashindiliwa. Ikishindikana, upepo ushushwe, mchanga uchimbwe kwa mikono au sepetu mbele ya magurudumu na chini ya ekseli, na mazulia ya sakafuni au magunia yawekwe mbele ya tairi. Matawi ya mathenge, ingawa ndiyo yaliyo karibu, hayafai kwa kazi hiyo.

Udongo mweusi uliolowa unadai mkono mwingine. Upepo huachwa ulivyo au hupunguzwa kidogo tu, ili tairi likate tope lifike kwenye ardhi ngumu iliyo chini. Mafuta hukanyagwa kwa upole, kona hukatwa polepole, na mteremko hushukwa kwa gia nzito badala ya breki. Mafunzo haya yana manufaa hata mbali na Turkana. Zaidi ya vijana 3,000 wa Sudan walihamishiwa Marekani kutoka kambi ya Kakuma katika miaka ya 2000 na 2001, na wanafunzi wengine wakimbizi wamekwenda Kanada chini ya udhamini wa shirika la World University Service of Canada, hivyo wako watu wengi wenye asili ya njia hizi ambao leo huendesha kwenye theluji. Theluji ndefu isiyoshindiliwa inafanana na mchanga wa laga, na madereva wa Iceland huivuka kwa matairi makubwa yaliyoachiwa upepo wa pauni chache tu. Ila kwenye barabara ya mjini, ambako theluji imegandamana ikawa barafu, mfano wake ni udongo mweusi, na upepo uachwe kama mtengenezaji wa gari alivyoagiza. Kilichozidi huko ni mpira wenyewe: tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, na tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini, ndiyo maana jimbo la Quebec limelifanya kuwa sharti la kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Fowili humsaidia dereva wa theluji kuondoka, na haimsaidii hata kidogo kusimama, kwa sababu kila gari, la bei yoyote, lina breki kwenye magurudumu manne tayari.

Yanabaki maji, ambayo hayana mfumo wa uvutaji wala aina ya tairi inayoyaweza. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, na uchache huo ndio unaowahadaa wageni, kwa kuwa maji ya laga si lazima yatokane na mvua inayoonekana. Laga ya Tarach inayopita Kakuma hukusanya maji yake kwenye miinuko ya mpakani na Uganda, na mtu anaweza kusimama kwenye kitanda chake chini ya anga safi huku mafuriko yakiwa njiani. Laga ya Kawalase mjini Lodwar nayo hujaa kwa namna hiyo. Dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti ya mbali kama lori linalopanda mlima. Kisha huja ulimi mdogo wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, wenye povu, vijiti na samadi ya mbuzi mbele yake, ukitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake maji yenye kina. Aliye ndani ya kitanda akiuona ulimi huo hana muda wa kujaribu kulinasua gari. Awatoe watu, wapande ukingo wa juu, na gari liachwe.

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulihamisha gari dogo, na yenye sentimita 60 hubeba hata magari makubwa ya fowili, kwa sababu gari ni sanduku lenye hewa na huanza kuelea kabla dereva hajahisi chochote kwenye usukani. Tena maji hayo huchimba mchanga chini ya tairi wakati gari linapita, hivyo kina kilichopimwa na aliyetangulia si kina atakachokikuta anayefuata. Magari yanayosubiri ukingoni huleta shinikizo lake, hasa lori moja kubwa likivuka salama na wenye magari madogo wakaona aibu kubaki. Dereva wa gari dogo asilifuate, kwani lori lile lina tani zinazolishikilia chini. Laga nyingi hupungua ndani ya saa chache, na wafugaji wa mahali hapo, ambao wameziona zikijaa na kukauka tangu utotoni, ndio wa kuulizwa kuhusu muda.

Maji yakishapungua, kitanda hakiwi tena kile kilichovukwa asubuhi. Mikondo imehama, na tope jipya limetanda mahali penye ganda linaloonekana kavu lakini lisiloweza kubeba hata ng'ombe. Kwa hiyo dereva avue viatu, ashike fimbo, aivuke laga kwa miguu mahali palepale anapokusudia kupitisha magurudumu, akichoma chini kila hatua mbili, na pale fimbo inapozama bila kugonga kitu aweke alama ya jiwe, arudi, atafute njia nyingine juu au chini ya mkondo. Abiria washuke na kumfuata kwa miguu mpaka ng'ambo, watoto wakishikwa mkono, ndipo gari liingie likiwa tupu.